Vichwa Vitatu vya Chapuchapu

Chapuchapu si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi pale saluni, maana mkono wake ukishaingia kwenye nywele huuoni tena, unaona rasta tu zinashuka mgongoni kwa mteja. Mimi nimekaa kwenye kazi hii tangu nilipomaliza darasa la saba. Nimeona wasusi wavivu, wasusi waongo, na wasusi wanaopiga simu huku wamembana mteja shingo kwa kiwiko. Mkono kama ule sijauona. Naandika habari zake upesi kabla wengine hawajaziharibu kwa kuzisimulia, kwa sababu ile Ijumaa tulikuwa wengi na kila mmoja ameshaanza kujifanya yeye ndiye aliyesema lile neno la getini.

Kwanza uielewe saluni yangu. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, vioo viwili ambavyo kimoja kimepasuka kona, viti vya plastiki vya wateja na stuli fupi za wasusi. Ukutani kuna picha za mitindo, zimefifia kwa jua hadi wanamitindo wote wanaonekana wana homa. Mteja akiingia wakati wasusi wote wana watu, humwambii asubiri, maana ataondoka aende kwa jirani. Unamkalisha, unamchana njia, unamsuka mistari michache ya mbele, kisha unarudi kwa yule wa kwanza. Ataenda wapi na kichwa kama hicho? Kwetu hiyo inaitwa kuanza kichwa. Na kichwa alichokianza mwenzio hukigusi. Mikono haifanani. Mmoja anavuta, mwingine analegeza, na mkichanganya, mteja anatoka upande mmoja umekaza hadi nyusi imepanda na upande wa pili unaning'inia kama kamba za kuanikia. Nimeshafukuza watu kwa kosa hilo na sijutii.

Chapuchapu alinijia siku ya jua kali amevaa mikono mirefu. Kujua anaficha kitu hakuhitaji shahada. Akasimama mlangoni akasema, "Dada, nipe kichwa."

"Kichwa cha nani?" nikamwuliza. "Cha mteja wangu? Labda changu."

"Hata chako."

Nikakaa, ili nimkomeshe. Akaanza. Mimi mtu wa maneno mengi, nikasinzia kwenye kiti changu mwenyewe. Nilipoamka amemaliza, anakung'uta kitana. Nikajiangalia kwenye kile kioo kizima, nikajigeuza huku na huku, nikatafuta kosa kwa bidii zote. Halikuwepo.

"Unavuta au unajidunga?" nikamwuliza.

Hakuzunguka. "Najidunga, dada."

"Humu ndani hapana. Huko nje utajua mwenyewe. Na ukiniibia hata pini, nakutoa kwa nywele."

"Sawa, dada."

Pini zangu zote zipo mpaka leo. Wapo niliowaajiri wakiwa na akili timamu na vitambulisho vya kanisani ambao waliondoka na drai yangu ya kukaushia nywele.

Maisha yake nilikuja kuyapata vipande vipande, maana msusi na bosi wake hawaangaliani, wote wanaangalia kichwa cha mtu, na hapo ndipo watu husema kweli. Aliolewa na utingo wa lori, mwanamume mcheshi, mwenye kupenda kubeba watoto wa wenzake mabegani. Huyo utingo ndiye aliyeleta unga nyumbani, akiuita dawa ya uchovu. Wakawa wanauchanganya na sigara, wanavuta wote wawili, wanacheka. Kisha hawacheki tena, wanavuta tu ili waweze kuamka. Ndivyo unga ulivyo, na mimi sitampamba mtu yeyote. Sijawahi kusema unga ni kitu kizuri, na atakayenisingizia hivyo aje saluni tuonane.

Utingo alifia nyuma ya gereji. Alizidisha, akaanza kukoroma vibaya, midomo ikabadilika rangi. Wenzake walikuwepo na hospitali iko ng'ambo ya barabara, unaona hadi taa zake. Lakini anayempeleka mtu wa namna hiyo hospitali anaulizwa alikuwa naye wapi, na akiulizwa hivyo amekwisha. Wakamtoa nje taratibu, wakamlaza ukutani, wakamfunika koti la mmoja wao, wakakimbia. Koti waliliacha. Hawakuwa watu wabaya basi. Walikuwa watu wenye hofu, na hofu ile haikutoka kwenye unga. Ilitoka kwenye sheria.

Baadaye Chapuchapu naye akakamatwa na kete moja, kile kikaratasi kidogo cha kukunja, akafungwa. Alipoingia gerezani alikuwa mvutaji. Alipotoka alikuwa anajidunga, maana kule ndani unga ni haba na sindano haipotezi kitu kama moshi. Walimfundisha wenzake wa selo. Sasa hebu nisaidie kufikiri, wewe uliyesoma: serikali ilimlisha, ikamvisha sare, ikamlinda kwa bunduki usiku na mchana, ili akajifunze kitu kibaya kuliko kile alichofungiwa.

Lakini mjini pakafunguliwa kliniki. Unakwenda kila asubuhi, unapewa dawa ya maji kwenye kikombe, unameza mbele ya muuguzi, unarudi kazini. Ukiinywa, ile arosto haikushiki, yale maumivu ya kukosa unga, na mkono unatulia siku nzima. Chapuchapu alijiandikisha. Nafasi zilikuwa chache na watu ni wengi, akasubiri hadi mimi nikaanza kuona wanamdanganya. Halafu akaitwa. Aende Ijumaa kabla ya adhuhuri. Wakamwambia wazi kwamba asiyefika siku yake, nafasi inakwenda kwa mwingine na yeye anarudi mwisho wa foleni.

Alhamisi yake alikuja kazini kama mtu anayesafiri. Akafagia bila kuambiwa. Na kwa kuwa kesho yake hatakuwepo, akataka kubeba wateja wote. Akamwanza Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya jirani, mama mnene mwenye sauti ya kengele. Akamwanza Muuza Mkaa, mama ambaye hata akioga mara ngapi kola yake haikosi alama. Akamwanza na wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke ambaye akiingia kwangu kwanza hupitisha kidole juu ya kioo kuangalia vumbi.

Alipofika katikati ya vichwa vyote vitatu akaanza kupiga miayo. Pua inatiririka. Nikajua saa yake imefika.

"Dada, natoka kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Una watu watatu wako nusu."

"Nitulize mkono tu. Nifike kesho."

Akatoka. Tukasubiri. Wifi akaanza kuguna. Mara Fundi Simu wa kibanda cha nje akachungulia mlangoni, amevua kofia.

"Mama, mtu wako kachukuliwa. Wale askari wa kiraia, pale kona."

Nilikaa chini kwenye stuli yake. Sikuwaza wateja, Mungu anisamehe. Niliwaza Ijumaa.

"Unaona sasa?" wifi akasema. "Nilikwambia zamani. Teja ni teja. Wamfungie huko akae."

"Wamfungie, sawa," nikamjibu. "Na hicho kichwa chako akufungie nani?"

Akajigusa upande mmoja, akajigusa upande wa pili. Akatazama wasusi wangu wengine wawili. Wote wakageukia ukuta, wakawa wanasoma picha.

"Si mtu mmoja animalizie hapo."

"Kichwa cha mwenzio hakiguswi, wifi. Unataka nyusi ipande?"

"Nina sherehe Jumamosi mimi."

"Basi kesho tuonane mahakamani," nikasema. Nilisema kwa hasira tu. Lakini Mwalimu Mkuu akaweka pochi yake kwapani, akasema kwa ile sauti ya kengele, "Saa ngapi?" Na Muuza Mkaa akasema ana pikapu, haina shughuli asubuhi. 

Mahakama ya kwetu ni jengo refu lenye varanda, na mabenchi yake yamesuguliwa na makalio ya watu wenye wasiwasi hadi yanang'aa. Tulikuwa wa kwanza kufika, wanawake wanne, watatu wamejifunga vitambaa vichwani hadi machoni. Wifi alikuja pia. Alisema amekuja kwa ajili ya nywele zake, asieleweke vibaya.

Walipoingizwa watuhumiwa, nilimtambua kwa gauni tu. Alikuwa amejikunja, jasho linamtoka na huku anatetemeka kwa baridi, macho yanachuruzika bila kulia, miguu haitulii. Alilala na hali hiyo kwenye saruji usiku kucha. Hakimu alikuwa hajasema neno hata moja, na mtu ameshaadhibiwa.

Mwendesha mashtaka, baba mmoja mpole mwenye tai iliyochoka, akasema mtuhumiwa amekutwa na kete moja, si mara yake ya kwanza, apewe kifungo liwe fundisho kwa wengine.

Hakimu alikuwa mama wa rika langu, miwani ameishusha puani. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa," Chapuchapu akasema.

"Ilikuwa ya kuuza?"

"Ningeuza, mheshimiwa, mimi ningebaki na nini?"

Watu wakacheka chinichini. Hakimu hakucheka, lakini kalamu aliiweka chini. "Ana mtu hapa?"

Tukasimama wote wanne.

"Mbona mmejifunika hivyo? Kuna msiba?"

Mwalimu Mkuu akavuta kitambaa chake. Upande wa kulia rasta zimeshuka begani, zimenyooka, zinang'aa. Upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya. Muuza Mkaa naye akafunua. Wifi alisita, nikamvuta kitambaa mwenyewe. Mahakama nzima ikaangua kicheko, hadi askari wa mlangoni akageuka kutazama nje.

"Nyinyi ni nani kwake?" hakimu akauliza.

"Mimi ni bosi wake, mheshimiwa," nikasema. "Hawa ni vichwa vyake."

Aliacha kicheko kiishe. Kisha akaniambia niseme nilichokujia, nisiwe mrefu. Mimi na ufupi hatujawahi kuelewana, lakini nilijitahidi. Nikamwambia: "Mheshimiwa, huyu mlishamfunga. Alikwenda anavuta, akarudi anajidunga. Mkimrudisha sijui ataleta nini safari hii. Mume wake alikufa huku hospitali inaonekana ng'ambo ya barabara, kwa kuwa wenzake waliogopa kukamatwa. Leo kliniki inamsubiri, leo hii, kabla ya adhuhuri. Akikosa, nafasi imekwenda. Mimi sitetei unga. Nataka mtu anayeumwa apelekwe kwa wanaotibu, ndiyo hayo tu."

"Mama," akanijibu taratibu, "unadhani mimi sijui? Nawapeleka, wananirudia, nawapeleka tena. Wengine nawajua hadi sauti zao za kukohoa. Kete moja ya matumizi yake, sheria inaniruhusu kumtuma kwenye matibabu badala ya gereza, kama nafasi ipo kweli na kama kuna mtu wa kumshika mkono. Sasa niambie, nikimwachia akatoroka?"

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu Mkuu akasema, "Atatoroka na mimi nikiwa hivi? Nitamfuata hadi mwisho wa dunia."

Hakimu akamtuma karani apige simu kliniki. Tukasubiri. Nasema kweli, nimejifungua mara nne na sijawahi kubana pumzi hivyo. Karani akarudi akamnong'oneza. Hakimu akavua miwani.

"Nafasi ipo. Dirisha wanafunga adhuhuri. Apelekwe kutibiwa, chini ya dhamana ya huyu bosi wake, arudi mbele yangu mwezi ujao. Lakini asipofika kliniki leo, mama, nafuta hili, anakwenda gerezani. Umenisikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

"Basi mnangoja nini?"

Tulitoka mahakamani kama watu tuliomwibia mtu. Chapuchapu tulimweka mbele na Muuza Mkaa, sisi tukapanda nyuma ya pikapu juu ya magunia. Mwalimu Mkuu nilimsukuma kutoka chini, na mwenyewe akitaka kukataa habari hiyo ni juu yake. Njia nzima vumbi la mkaa linatupanda, upepo unapeperusha ule upande usiosukwa, watu wanasimama kutazama. Wifi akasema, "Mume wangu akiniona atanirudisha kwetu." Nikamwambia, "Kwenu ni kwa mama mkwe wangu, usinitishe." Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha wifi yangu kwa hiari yake.

Tukafika kliniki, jua limekaribia utosi. Na getini, ukiamini, wamesimama askari wawili wa kiraia. Mmoja wao, kumbe, ni yuleyule aliyemkamata jana. Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka lililofungwa, kulikuwa na kundi la watu wembamba waliovaa mikono mirefu. Wamekaa wanatazama geti. Nikaelewa mara moja. Walikuja kunywa dawa, na hawawezi kuvuka. Ni kama kuvua kwenye beseni: ukitaka kujaza idadi ya waliokamatwa, unasimama mahali ambapo wagonjwa lazima wapite. Hospitali inawaita waje, polisi wanawafukuza, na wote wawili wanalipwa mshahara na serikali moja. Kama ni saluni yangu, mmoja ananyoa na mwingine anasuka kichwa hichohicho.

Chapuchapu alimwona yule mtu, akageuka kurudi kwenye pikapu. "Dada, siwezi. Atanichukua."

"Hatakuchukua."

"Ndivyo alivyosema jana, simama tu tuongee."

Nilimshika kiuno. Yule mtu akatuona, akaja ameingiza mikono mifukoni. "Huyu namfahamu. Kaachiwa na nani?"

"Na hakimu, asubuhi hii," nikasema. "Mpigie."

"Nitahakikisha kwanza. Akae hapa."

Akahakikishe hadi lini? Muuguzi alikuwa ameshatoka kuangalia kama kuna mtu zaidi, naye ameshika komeo. Nilifungua mdomo nimpe yule mtu ya kwake, lakini nikawahiwa. Wifi yangu alishuka kwenye pikapu, uso mweusi kwa mkaa, nusu ya kichwa imesimama wima, akaenda kumkaribia hadi yule mtu akarudi nyuma.

"Kaka, niangalie vizuri," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nasema huyu afungwe. Jana nimesema, mwulize wifi. Nimekaa usiku mzima na kichwa hiki nikifikiri, akifungwa nani anafaidika? Mimi? Mama yake? Wewe umefaidika nini, umepanda cheo? Hakimu kasema akatibiwe. Wewe ni mkubwa kuliko hakimu?"

"Mama, mimi nafanya kazi yangu."

"Fanya. Nenda kwa wanaouza, wale wenye magari. Tuonyeshe hiyo kazi. Sisi tunapita."

Na akapita. Alimshika Chapuchapu mkono wa kulia, mimi wa kushoto, Mwalimu Mkuu mbele kama lori la mchanga, Muuza Mkaa nyuma. Yule wa kiraia alinyoosha mkono, akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama simu yake. Mkono ukashuka.

Hapo nikasikia miguu. Niligeuka. Wale wa ng'ambo walikuwa wanavuka. Kwanza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kisha mzee wa miwani ya kamba, kisha wote, haraka haraka, wamejibana nyuma ya Muuza Mkaa kama wamekuja naye. Wasingeweza kukamatwa wote, na hakuna aliyetaka kuanza na mmoja mbele ya Mwalimu Mkuu. Tukaingia getini kundi zima. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka ni hospitali.

Muuguzi aliondoa mkono kwenye komeo. "Nyinyi nyote ni wangu?"

"Hawa wanne hapana," Mwalimu Mkuu akasema. "Wengine wote ndiyo."

Chapuchapu akapimwa, akaulizwa maswali, akaitwa dirishani. Muuguzi akampa kikombe kidogo. Alikishika kwa mikono yote miwili kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka, nami sikumsaidia, nilitaka akinywe mwenyewe. Akanywa. Pale dirishani lazima useme neno baada ya kumeza, wajue hukuificha dawa mdomoni.

"Sema kitu," muuguzi akamwambia.

"Ni chungu," Chapuchapu akasema.

"Na kesho itakuwa chungu vilevile. Uje mapema. Anayefuata."

Akasogea pembeni, yule mama mwenye mtoto akasogea dirishani. Wifi akamwinamia muuguzi kwenye kidirisha.

"Samahani, dada. Mikono yake itatulia saa ngapi?"

"Mpeni muda. Jioni atakuwa afadhali."

"Basi tunasubiri," wifi akasema, akapangusa benchi kwa kiganja, akakitazama kiganja, akakaa.